Mizinga ya Kingo Mbili

Lindach, 2 Aprili 1986

Dada Widad,

Salamu kwako, kwa Raad, na kwa kila anayepita mlangoni kwetu akauliza habari zangu.

Nimefika. Mji wenyewe ni mtaa mmoja mrefu, kanisa na kiwanda. Milima imesimama karibu mno, utadhani inataka kusoma unachoandika. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Bibi Hedwig, anayetia siagi hata kwenye supu. Si mtu mbaya. Ila huku mtu anapanda ngazi pamoja nawe mpaka juu bila kufungua mdomo. Asubuhi najisalimia mwenyewe kwenye kioo: "Umeamkaje, Muayyad, roho yangu?" Nisipofanya hivyo, neno langu la kwanza la Kiarabu kwa siku nzima nalitamka mbele ya maofisa wa wizara, nalo huwa ni "bei".

Usihangaike kuhusu kazi. Ujumbe wetu unanunua mabomba, mabomba makubwa ya chuma, na mimi ni mkalimani wao. Wenyeji wakisema Kijerumani, nawapa wetu kwa Kiarabu. Wetu wakinung'unika, nawapa wenyeji kwa adabu. Ndiyo kazi yote.

Mbona mdogo wetu Raad haandiki? Mwambie huyo mwanajeshi wako kwamba kalamu ni nyepesi kuliko bunduki.

Mdogo wako,
Muayyad


Basra, 25 Aprili 1986

Muayyad, macho yangu,

Mabomba! Nilipofika hapo nilipiga kigelegele mpaka Um Nizar akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani anaolewa. Umesahau maji ya mtaani kwetu yalivyo: chumvi na matope, na wiki nyingine ukifungua mfereji inatoka hewa tupu. Nimewaambia walimu wote shuleni. Hajji Mahdi wa tanuri la mikate anasema ukirudi hulipi mkate mpaka ufe. Basi fungua macho, wasije wakatuuzia yenye kutu.

Raad hajambo. Alikuja likizo fupi, akala samaki wawili wa subur peke yake, akalala, akaondoka. Anauliza kama ni kweli wasichana wa huko wanaendesha baiskeli wakiwa wamevaa sketi. Nilimpiga kofi kwa niaba ya marehemu mama.

Kula vizuri, hata kama ni siagi. Na usikimbilie kurudi kwa ajili yetu. Kazi kama hiyo haipatikani mara mbili. Kaa hukohuko mpaka wakufukuze.

Dada yako,
Widad


Basra, 27 Aprili 1986

Shangazi Naima,

Nashukuru kwa kitambaa. Hilla bado mnajua kufuma.

Kuhusu Raad hakuna jipya. Ni yaleyale waliyosema wale askari wawili waliokuja baada ya mji wa Fao kuangukia mikononi mwa adui. "Amepotea," wakasema. Nikawauliza, "Amepotea maana yake nini?" Mmoja alikuwa na umri wa wanafunzi wangu. Akasema, "Maana yake hatukumkuta, mwalimu. Hayumo kwa wazima, hayumo kwa wafu."

Muayyad asijue, shangazi. Nakuomba kwa kaburi la ndugu yako. Akijua atarudi, na akishuka tu kwenye ndege watamvisha nguo za mdogo wake. Nimemwandikia kwamba Raad alikuja likizo akala samaki. Niliandika huku nikicheka, nikamwekea na utani mdomoni. Nilipomaliza nikaingia jikoni, nikasimama pale, nisijue nimeingia kufanya nini.

Usiku mlango siufungi kwa komeo. Raad hakuwahi kutembea na ufunguo.

Binti yako,
Widad


Lindach, 30 Juni 1986

Dada,

Nimepata mtu wa kuongea naye! Nilikuwa kwenye duka la mikate nikijisemea, "Mikate gani hii, migumu kama moyo wa mama mkwe?" Nyuma yangu sauti ikajibu, kwa Kiarabu cha kwetu kabisa, kile cha kandokando ya mto: "Loweka kwenye chai, ndugu yangu, utalainika. Mama mkwe ndiye halowekeki."

Karibu nimkumbatie mbele ya mwenye duka. Ni mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Naye ni mkalimani, naye yu mbali na kwao. Jumapili tunapanda mlima pamoja na kubishana kuhusu tende. Anaapa tende aina ya barhi za upande wa kwao ni tamu kuliko zetu. Nimemwambia ni mtende uleule, ulivuka mto tu.

Nilikuwa sijacheka kwa sauti tangu nifike. Bibi Hedwig alitoka jikoni kuangalia ni nani yumo ndani.

Msalimie Raad. Mwambie ndiyo, wanaendesha baiskeli.

Muayyad


Lindach, 14 Septemba 1986

Dada,

Nisikilize bila kubishana, mara moja tu katika maisha yetu. Nenda Hilla kwa Shangazi Naima. Nenda kabla ya baridi, na usirudi mpaka nikuambie. Shuleni sema shangazi anaumwa. Um Nizar akikubali, mchukue. Nyumba ifunge.

Hewa ya Basra haitawafaa mwaka huu. Siwezi kueleza zaidi. Tafadhali, dada.

Muayyad


Basra, 10 Oktoba 1986

Muayyad,

Tangu lini umekuwa daktari wa hewa?

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta ndugu yangu ndani yake, sikumwona. Salamu hakuna, sababu hakuna, amri tupu. "Nyumba ifunge." Um Nizar anasema mwanamume aliye mbali akianza kuzungumzia kufunga nyumba, ama amepata mnunuzi au amepata mwanamke. Kama ni mwanamke, sema, sitakula mtu. Kama ni mnunuzi, subiri nife kwanza.

Makombora tumeyazoea. Yanaanguka upande wa bandari, sisi tunaendelea kukatakata vitunguu. Wewe uko kwenye theluji yako na siagi yako, halafu unaniamrisha nihame kama mpangaji! Raad akija, akute mlango umefungwa? Agonge, nani amfungulie?

Sitoki hapa. Usiniandikie tena habari hiyo.

Widad


Lindach, 22 Novemba 1986

Dada yangu,

Barua hii inakuja mkononi mwa Siranush, muuguzi Mwarmenia aliyemleta huku mgonjwa wa wizara. Kaka yake anafanya kazi kwenye ndege zetu. Waamini wote wawili. Ukishasoma, choma.

Sina mke. Simuuzii mtu nyumba. Wala sinunui mabomba ya maji. Ni mizinga, dada. Bomba ninalolitafsiri ni lile la mbele, linalotema kombora. Mkono wangu haujagusa hata mmoja, lakini kila sifa yake, kila "mzigo utafika bandarini", imepita kinywani mwangu.

Yule rafiki anaitwa Farhang, wa Abadan. Ndiyo, ng'ambo ya mto, kwa adui. Tulipokuwa watoto tuliogelea mto mmoja, kila mtu ukingo wake. Anatafsiria serikali yake, mimi yangu, na kiwanda ni hikihiki. Mwezi wa saba mkurugenzi aliwaalika wageni wake wote chakula cha mchana katika hoteli moja: sisi ghorofani, wao chini, ngazi mbalimbali tusije tukakutana. Baadaye Farhang akaniuliza:

"Ninyi mlikula nini?"

"Nyama ya ndama."

"Sisi samaki. Na hotuba?"

"Alitutakia ushindi."

Farhang akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Na sisi pia," akasema.

Kuna mzee mmoja mnene, mpole, anayekaa pembeni katika mikutano yetu na yao. Hauzi chochote. Ananunua mafuta. Serikali zetu zimeishiwa, sasa zinalipia mizinga kwa mafuta, na kadiri vita inavyorefuka ndivyo anavyoyapata kwa bei ya kutupa. Siku moja nilimuuliza, kwa utani, atafanyaje amani ikija. Akanipigapiga begani. "Kijana," akasema, "usiwatishe watu wakati wa kahawa." Wote mezani wakacheka. Na mimi nikacheka, dada, kisha nikawatafsiria wetu, nao wakacheka.

Nilidhani vita ni sisi na wao tumekasirikiana. Hapa kuna watu ambao hawajamkasirikia mtu yeyote. Wanavaa vizuri, wana picha za wajukuu mezani, na kila wakikaa kufikiri wanaona heri tuendelee.

Septemba, tukiwa mlimani, Farhang alisimama ghafla. "Nyumba yenu iko mtaa gani?" Nikamtajia. Akakaa juu ya jiwe. "Tumenunua mirefu kuliko yenu," akasema. "Ikiwekwa ukingo wetu, inafika kwenu na kupita. Imekwisha safirishwa. Mtoe dada yako." Kwa maneno yale kwao wangemnyonga. Siku hiyohiyo nikakuandikia habari ya hewa, kwa sababu posta ina macho.

Toka, dada. Na Raad akija likizo, mwambie ajivunje mguu, ajifanye mwendawazimu, lolote, asirudi kule.

Muayyad


Basra, 15 Desemba 1986

Muayyad,

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikachoma kwenye jiko la mafuta ya taa. Hii nayo nampa kaka yake Siranush.

Raad hakuja likizo. Hakula samaki. Alipotea Fao mwezi wa pili, kabla hujaondoka hata kwenda huko, ulipokuwa Baghdad ukingoja pasipoti. Niliwazuia watu wote wasikuambie. Nilitaka nibaki na mmoja. Yale ya sketi na baiskeli nilitunga mimi. Nilikaa mezani nikafikiri, Raad angesema nini hapa?

Ndiyo maana sikutoka. Ulidhani ni ukaidi. Mimi nilidhani una mwanamke. Tazama tulivyofichana kwa kupendana, na kombora liko njiani.

Lakini ulijua tangu Septemba. Ulijua, ukanywa chai, ukaenda tena kwenye ile meza ukafungua kinywa. Raad alikuwa kikosi cha mizinga, umesahau? Mzinga aliokuwa akiupiga ulitafsiriwa na nani, kabla yako? Na ule uliompiga? Sikuulizi ili unijibu.

Nitatoka. Lakini siwezi kutoka peke yangu na jambo kama hili kifuani, nikampita Um Nizar anaanika nguo, nikamwambia kwa heri. Nikisema najua, wataniuliza nimejuaje. Niachie mimi.

Nikishafika Hilla, fanya moyo wako unavyokutuma. Ila usirudi. Hata nikikuandikia kwa mkono wangu kwamba naumwa, usirudi.

Widad


Hilla, 6 Machi 1987

Muayyad,

Niko hai. Nianze na hilo. Barua inapita njia ileile ya Siranush.

Wewe unajua nilivyowasuta watu wa ndoto, mimi mwalimu wa sayansi. Basi mwisho wa Desemba nikaota. Nilipita nyumba kwa nyumba. "Nimemwota marehemu mama," nikawaambia. "Amesimama katikati ya mtaa wetu, anafagia. Namuuliza, mama, unafagia nini? Ananijibu, nafagia ili wapite vizuri." Uongo mtupu, na nilipokuwa nikiusema nywele zilinisimama.

Hajji Mahdi aliacha kukanda unga. "Mama yako hakuwa mtu wa maneno mengi," akasema. Siku ya pili akafunga tanuri, akaipeleka familia yake Samawa. Alipofunga yeye, wengine wakaanza kufunga mizigo. Mtaa ambao haukuisikia redio, wala serikali, wala akili, ukamsikiliza maiti.

Mtu wa chama tawala akaja. Nilimfundisha huyo, hakuwa akijua kugawanya.

"Mwalimu, tumesikia unatia watu hofu."

"Kuota kumekatazwa, mwanangu?"

"Kuota hakujakatazwa. Kusimulia ndiko."

Akanipa siku mbili niondoke mjini kabla hajaandika jina langu. Nadhani alinihurumia. Au naye aliamini.

Um Nizar nilimwomba mpaka nikampigia magoti. Alicheka. "Widad, wewe na ndoto? Umezeeka bila mume, akili imeanza kutembea." Nizar wake yuko jeshini, naye alikuwa akimngojea, kama mimi. Ningemwambia ukweli labda angetoka. Nilifungua mdomo, nikaogopa kwa ajili yako, nikaufunga. Januari, wa ng'ambo waliposhambulia, mtaa wetu ulipigwa mchana, watu wakipika. Nyumba yetu imebaki ukuta mmoja. Yake haikubaki kitu.

Waliookoka wametawanyika, na habari imetawanyika nao. Wananifuata mpaka hapa. Wanawake wanasimama mlangoni kwa shangazi wakiwa na picha za wana wao. "Bibi wa ndoto, huyu umemwona?" Nawaambia sioti tena. Hawaondoki. Jana mmoja aliniwekea mayai kizingitini.

Raad sijamwota. Wangejua nilivyojaribu.

Widad


Bremen, 19 Juni 1987

Dada,

Mimi na Farhang tulisema. Tulimtafuta mwandishi wa gazeti, tukakaa mbele yake pamoja, bega kwa bega, ili asidhani ni mmoja anamchongea mwenzake. Alituuliza kama sisi ni maadui. Farhang akamjibu, "Tukiwa kazini tu."

Habari ikatoka. Nilidhani mbingu itaanguka. Mkurugenzi alistaafishwa kwa maua. Kisha wafanyakazi wakaandamana pale mtaani, si dhidi ya kiwanda, dhidi ya gazeti. Walikuja na wake zao na watoto mabegani. Mmoja nilimfahamu, alikuwa akinisalimia kwa kofia. Akanipigia kelele: "Wewe utawalisha hawa?" Nikageuka kurudi nyumbani. Bibi Hedwig alikuwa ameliweka sanduku langu nje. Mwanawe hufanya kazi mle. Juu ya sanduku aliniwekea mkate uliopakwa siagi, umefungwa kwa karatasi vizuri, kama wa mtoto wa shule. Hakufungua mlango.

Nasikia mizinga bado inatoka. Siku hizi karatasi zinasema inakwenda nchi nyingine ambayo haina vita.

Farhang alipanda treni kwenda kusini kwa binamu yake, mimi nikakimbilia huku kaskazini. Alisema atapiga simu akifika. Ubalozi wao ulikuwa ukimtafuta, kama wetu unavyonitafuta mimi. Hajapiga. Kila simu ikilia kwenye hoteli ninakoosha vyombo, naacha maji yakitiririka, nakimbilia kusikiliza.

Kuhusu Um Nizar, dada, usijibebeshe peke yako. Ulinyamaza kwa ajili yangu. Hatia hiyo ni yangu.

Naona meli zinaondoka hapa kila siku, nami sina pa kwenda. Niandikie, hata mstari mmoja.

Muayyad


Hilla, 20 Septemba 1990

Muayyad, macho yangu,

Imepita miaka mitatu na sijakujibu. Barua ya Bremen ilinifikia. Mara tu baada yake wakaja watu wa usalama, wakanikalisha kuanzia asubuhi, wakaniuliza kuhusu ndugu yangu msaliti. Niliwaambia sina ndugu. Wakaniambia niandike, nikaandika, nikatia sahihi. Tangu siku ile niliona haya kukuandikia. Mtu anayesema hana ndugu anamwandikia nani? Hata vita ilipokwisha, watu wakicheza barabarani, nilifunga dirisha.

Sasa nimepata dereva wa lori wa Jordan, mtu mzima, atakayeipeleka posta ya Amman. Na nina jambo ambalo haya haiwezi kulizuia.

Raad yuko hai. Amerudi.

Wamebadilishana mateka mwezi uliopita. Tulikwenda mpaka kituo cha mabasi, wanawake kwa mamia, tukimtazama kila mwanamume anayeshuka. Alipita mbele yangu nisimjue. Yeye ndiye aliyesimama. "Mwalimu," akasema, vile alivyokuwa akiniita alipotaka kunichokoza, "umekuwa mfupi." Meno yake ya mbele hayapo. Anakaa uani akitazama kuku wa shangazi. Akisikia mlango unagongwa, anainuka na kusimama wima, mikono ubavuni, mpaka nimwambie kaa.

Huku mambo unayasikia. Tumeingia Kuwait. Vita ile ilituachia madeni na visima vya mafuta visivyotosha, sasa tunakwenda kuchukua vya jirani. Mafuta yamepanda bei. Meli za wageni zinajaa kwenye ghuba. Nafundisha watoto majina ya sayari, nje magari ya jeshi yanapita kwenda kusini.

Nimemwambia Raad habari zako zote. Ameomba nafasi chini ya karatasi hii. Nakuachia yeye.

Dada yako, ambaye ana ndugu wawili,
Widad

Kaka,

Ni mimi. Nimesikia ulikokuwa na ulichofanya, kabla na baada. Sina hasira. Kambini niliiacha, inachosha mtu asiyeshiba.

Wametuambia tupumzike nyumbani kidogo, kisha tutaitwa tena. Safari hii Kuwait. Ofisa anasema mafuta yale ni haki yetu na hakuna atakayethubutu kuja. Redio inasema hivyohivyo. Majirani wanasema itakwisha kabla ya Ramadhani. Siwasikilizi. Wote hawa walisema hivyo mara ya kwanza.

Nakuuliza wewe, kwa sababu ulikaa meza moja na wauza mizinga, wanaoijua vita kabla yetu. Tafuta mtu wa kule akuambie: viwandani wanafanya kazi mchana tu siku hizi, au wameongeza zamu ya usiku?

Nijibu upesi, kabla hawajaniita.

Raad